UZI: Bei ya rafu na bei ya chunguni – namna ya kulinganisha maduka na masoko Unguja na Pemba

#1 KikapuChaUkili

Assalaam alaykum wana ukumbi.

Kila Rajab ikiingia maswali humu huwa yale yale: sukari rahisi iko wapi, mchele rahisi uko wapi, Darajani au Mwanakwerekwe, supamaketi au duka la mtaani. Ukitajiwa duka, jawabu linachacha ndani ya wiki moja, maana mzigo ukimalizika na bei yake huondoka nao. Kwa hiyo hapa tusitajiane maduka, tupeane namna ya kupima. Bei nitakazoandika ni za mfano tu, msije mkaenda kugombana na watu.

La mwanzo, geuza kila bei iwe bei ya kilo moja au lita moja. Chukua bei, gawa kwa gramu, zidisha kwa 1,000. Simu zote zina kikokotoo, hata za vitufe.

Tazameni maziwa ya unga. Makopo mawili yamekaa rafu moja, urefu sawa, kifuniko sawa. Moja 15,000, jengine 14,000. Mkono unakwenda wenyewe kwenye 14,000. Geuza usome maandishi madogo: la kwanza gramu 400, la pili gramu 360. Kilo ya la kwanza inakuja 37,500, ya la pili karibu 38,900. Kiwanda hakikupandisha bei, kimepunguza ujazo na kopo kikaliacha na sura yake. Mtindo huu mtaukuta zaidi kwenye maziwa, sabuni ya unga, biskuti na majani ya chai, kwa sababu hakuna anayekumbuka gramu zake. Kilo ya sukari kila mtu anaijua.

Unga wa ngano nao una mtego wake. Bando la paketi 12 za kilo mbili ni kilo 24. Polo (gunia) dogo ni kilo 25. Watu hulinganisha bei zake kana kwamba ni mzigo mmoja.

La pili ni chambo. Duka likiuza sukari rahisi kupita wenzake, usiseme duka lote rahisi. Sukari, mchele na unga bei zake ziko kichwani mwa kila mpishi, na muuzaji anajua. Hapo anakubali faida nyembamba, au asipate kitu kabisa, ili uingie ndani. Faida anaitafuta kwenye hiliki, bizari, tambi, tungule (nyanya) za kopo, sabuni, pempasi. Dawa yake ni kupiga jumla ya kikapu. Andika vitu kumi unavyonunua kila mwezi, kwa kipimo kile kile, uvijumlishe duka A kisha duka B. Mara nyingi aliyekupunguzia 200 kwenye sukari amekuongezea 1,500 kwengineko.

Mafuta hesabu yake nyepesi, dumu la lita 20 chukulia ni kilo 20.

Wengine ongezeni.

#2 Mshale_Sifuri

Ahsante kwa uzi, lakini kwenye mafuta umeteleza ndugu yangu. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea juu ya mchuzi. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 910 mpaka 920 hivi. Dumu la lita 20 likijaa sawasawa lina kilo 18 na kidogo, mbali na uzito wa dumu lenyewe.

Hii ina faida kwa mnunuzi. Dumu lililoandikwa kilo 18 halijapunjwa, lina karibu lita 19.7. Pili, muuzaji akikupimia "kilo" ya mafuta kwenye mizani unapata zaidi ya lita, kama mililita 1,090. Kwa hiyo usilinganishe bei ya kilo ya huyu na bei ya lita ya yule bila kugeuza. La kuliogopa ni dumu lisilo na kizibo cha kiwandani. Kizibo kikishafunguliwa, maandishi ya nje hayana maana tena, pima kwa uzito.

Na kwa kuwa nimeshataja mizani, hapa ndipo pesa nyingi zinapovujia.

Mizani ya mshale ya kuning'inia: kabla hakijatiwa kitu, sahani ikiwa tupu, mshale uwe juu ya sifuri. Usimame usawa wake. Ukiangalia kutoka pembeni mshale utakudanganya gramu hamsini bila ya muuzaji kufanya chochote. Mizani ya betri: tazama namba kabla ya kuwekwa bidhaa. Kama kuna beseni au karatasi juu, namba isome sifuri pamoja na beseni hilo.

Ukitaka kuijaribu mizani bila ya kumtia mtu aibu, nunua chupa ya maji ya lita moja na nusu, isiyofunguliwa. Maji yana uzito wa kilo moja na nusu, plastiki inaongeza kama gramu 30. Iweke. Ikisoma baina ya 1.5 na 1.55, iko sawa. Ikisoma 1.7, kila kilo unayolipia pale unapata kiasi cha gramu 900 tu. Muuzaji hana la kusema, na maji utayanywa.

#3 KikapuChaUkili

Umesema kweli, nimekosea mimi. Wasomaji chukueni ya #2, dumu la lita 20 ni kilo 18 na kidogo.

#4 BintiMkunazini

Hayo ya madukani nimeyafahamu. Sokoni je? Tungule, mbatata, bamia, vyote ni fungu. Fungu unalipimaje?

#5 Kibaba_Kimoja

Dada, fungu huuzwa kwa macho, na muuzaji anajua macho yanatazama wapi. Kubwa huwekwa juu na mbele, ndogo zinakaa chini kama kitako. Hatua tatu:

Hesabu idadi kwanza. Fungu la tungule tano kubwa si sawa na la tungule nane ndogo, lakini huenda la nane likawa zito zaidi. Kisha mwambie akutilie kwenye mkoba mbele yako huku unatazama, asilibadilishe kwa lile lililo chini ya meza. Mwisho, mara moja kwa mwezi tu, pima fungu lako kwenye mizani ya nyumbani ujue lina uzito gani. Ukishajua kwamba fungu la 1,000 la pale lina gramu 600 hivi, utaweza kulinganisha na anayeuza kilo moja kwa 1,500. Hapo 1,000 gawa kwa 0.6, inakuja karibu 1,670 kwa kilo. Wa mizani ndiye rahisi.

Nafaka za kupima kwa kopo zina jambo lake la kale: kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Mfuto ni kilichokatwa usawa wa mdomo wa kopo, tele ni kilichopanda kichuguu juu. Vibaba vinne ni pishi, lakini pishi ya tele inaizidi mbali pishi ya mfuto, hasa kwa choroko na kunde ambazo zinakubali kupandana. Kabla ya kuuliza bei uliza "tele au mfuto?" Halafu chungulia kitako cha kopo. Likiwa limegongwa kikaingia ndani, kila kibaba kinapungua na tele yake haikurejeshei kitu.

Wakati nao una bei. Siku za kawaida mchicha, mboga nyengine za majani na bamia hushuka baada ya alasiri, muuzaji hataki zilale. Ramadhani mambo hugeuka. Alasiri ndiyo saa ya watu wote, muhogo na majimbi hupanda, basi nenda asubuhi.

#6 DukaLaKona

Mimi niko upande wa pili wa kaunta, naomba radhi kwa kuingia uzi wa wanunuzi 😅

Aliyosema KikapuChaUkili kuhusu chambo ni kweli tupu. Naongeza kwa nini maduka matatu ya mtaa mmoja yana bei moja ya mchele. Si lazima yawe yamekaa kikao. Wote wamechukua kwa muuzaji wa jumla mmoja, naye kachukua kwa mwagizaji mmoja, na waagizaji wakubwa wa mchele na sukari hapa kwetu si wengi. Tofauti ya mia mbili mia tatu mnayoiona inatoka kwenye hamali, kodi ya fremu, na kama duka linakopesha. Duka lenye daftari nene la wadeni linaweka bei ya juu kidogo kwa kila mtu, maana wapo watakaolipa mwisho wa mwezi na wapo wasiolipa. Ukinunua taslimu pale, unachangia deni la jirani. Mnunuzi wa taslimu aulize waziwazi: "bei ya pesa mkononi ni ngapi?" Mara nyingi ipo.

#7 BintiMkunazini

Basi tueleze na hili, maana wewe ndiye mwenyeji wake. Bei kupanda inapanda siku ile ile habari ikisikika redioni. Kushuka inachukua miezi. Kwa nini?

#8 DukaLaKona

Swali la haki hilo.

Bei inapopanda, muuzaji hahesabu alichonunulia, anahesabu atakachonunulia tena. Mchele uliomo ndani aliununua polo moja kwa 120,000. Akisikia mzigo ujao utakuwa 140,000, akiuza wa zamani kwa bei ya zamani, pesa yote aliyokusanya kwenye mapolo saba inanunua mapolo sita tu. Anapandisha leo ili asipungue mtaji. Inaposhuka, ana mapolo ya 140,000 ghalani. Akishusha leo, anakula hasara. Anangoja yaishe, na mwenzake anangoja vile vile. Anayeshusha mwanzo ni yule mwenye mzigo mdogo au mwenye kuhitaji pesa haraka. Huyo ndiye wa kumtafuta wakati bei inashuka, duka dogo linalozungusha mali upesi. Duka lenye ghala kubwa lijaribu wakati bei inapanda, akiba yake ya zamani huchelewa kwisha na huenda likachelewa kupandisha.

Mfano mkubwa ni mchele wa India. Tarehe 20 Julai 2023 India ilizuia kusafirisha nje mchele mweupe usio basmati. Wateja wa India wakawageukia Pakistan, Thailand na Vietnam, na bei ikapanda kote duniani. Zuio likaondolewa mwishoni mwa Septemba 2024. Mchele ulionunuliwa kwa bei ya juu ulikuwa bado uko maghalani na baharini, kwa hiyo mtu asingeweza kuona nafuu Oktoba mosi. Sukari nayo mwanzoni mwa 2024 iliadimika Tanzania kwa sababu mvua za El Niño ziliharibu uvunaji wa miwa Bara.

Hapo hapo, si kila kisingizio ni cha kweli. Ukiambiwa tungule zimepanda kwa sababu ya dola, cheka. Tungule hupanda kwa masika.

#9 WaKonde

Na Pemba msitusahau jamani. Kila mkisema "bei Zanzibar" mnamaanisha mjini Unguja.

Polo lililoshuka bandari ya Malindi, mjini Unguja, likija Pemba, linapakiwa tena, linalipa nauli ya meli, linashushwa Mkoani au Wete, linapanda gari mpaka Chake au Konde. Kila mkono unaolishika unaongeza. Kwa hiyo vitu vizito vya bei ndogo, kama unga, chumvi, sukari, ndivyo tofauti yake inavyouma kwetu. Vitu vyepesi vya bei kubwa, kama hiliki au majani ya chai, tofauti ni ndogo. Ukija Pemba na gari ya familia, pakia unga, usihangaike na viungo.

Bidhaa za Bara zinazoingia kwetu moja kwa moja kutoka Tanga huwa na bei nyengine kabisa. Vitunguu na mbatata wakati mwengine ni rahisi Wete kuliko Unguja, siku jahazi limetia nanga. Siku ya tatu zimeshapanda. Muulize muuzaji "mzigo umeingia lini?" kabla ya kuuliza bei.

Na ndizi, muhogo na majimbi tunawapelekea nyinyi. Mkungu wa Konde ukifika Darajani umeshapita mnadani, dalali ameshakula chake.

#10 Ngarawa7

Naona samaki hawajaguswa, na humo ndimo pesa ya jikoni inapoishia.

Bei ya samaki haikai dukani, iko mwezini. Dagaa na vibua huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka taa haifui dafu, samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo kalenda yetu ya Kiislamu ndiyo kalenda ya dagaa: kuanzia tarehe 10 mpaka 20 ya mwezi hivi, madau mengi ya taa yanapumzika na dagaa huwa haba. Kuanzia 22 au 23 mpaka siku za mwanzo za mwezi mpya ni giza, dagaa wanamwagika na bei inalala. Mwenye friji anunue giza, ale mbalamwezi. Anayekausha ndiyo kabisa.

Pweza ana kalenda nyengine. Yeye hufuata bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali asubuhi kuelekea adhuhuri na watu wakaingia mwambani kwa miguu. Maji mafu, hakuna wa kumfikia kwa miguu. Ila kwa pweza jueni mna mshindani, hoteli. Miezi ya wageni wengi, Julai mpaka Oktoba na tena Disemba mpaka Februari, wakala wa hoteli anamngoja pwani. Wewe unapata aliyebaki.

Upepo nao. Kusi likivuma kwa nguvu, Juni mpaka Agosti, vyombo vidogo vya upande wa mashariki vinashindwa kutoka, nguru na jodari wanapanda. Hili halina dawa ya ujanja, kula choroko.

Sasa hesabu. Usilinganishe kilo ya samaki mzima na kilo ya kipande. Changu 10,000 kwa kilo, ukimparuza na kumtoa matumbo anapungua kama asilimia 15. Gawa 10,000 kwa 0.85, inakuja karibu 11,800. Jodari wa kipande 12,000 hana cha kutupa. Tofauti imebaki mia mbili, na kipande hakina kazi. Lakini kama kichwa cha changu mnakitia mchuzini, changu anarudi kuwa rahisi. Inategemea nyumba.

Na mtungo wa pwani hauna mizani. Angalia samaki wa katikati ya mtungo, si wa mwanzo wala wa mwisho. Fungua matamvua, yawe mekundu na si ya kahawia. Bonyeza nyama kwa kidole. Ikibaki shimo, hata akikupa kwa nusu bei mwache.

#11 Mshale_Sifuri

"Kula choroko" 😂 Ngarawa leo umetuua.

Naongeza kwenye kuku wa katoni, wale wa Brazil. Kwenye mfuko huandikwa gramu 900, 1,000, 1,100 na kuendelea. Bei ile unalipia kuku na maji yaliyoganda ndani yake. Weka kuku kwenye chujio ndani ya friji usiku kucha ayeyuke taratibu, mwaga maji, kisha pima. Kuku wa 1,100 kwa shilingi 11,000 akibaki gramu 1,000, kilo yake imekuwa 11,000 na si 10,000. Fanya hivyo kwa chapa mbili tofauti, mara moja moja, utajua ipi inauza maji mengi. Ukiona barafu nene nyeupe ndani ya mfuko, au maji mekundu yaliyoganda kitakoni kama sahani, huyo ameshayeyuka na kugandishwa tena njiani. Huyo achana naye hata akiwa kwenye ofa.

#12 FukusiSitaki

Wote mnasema jumla, jumla. Nani atazungumzia hasara ya jumla?

Kwa joto na unyevu wa kwetu, polo la kilo 50 kwa nyumba ya watu wanne ni kuwafugia fukusi, wadudu wa nafaka. Chukulia jumla inakuokolea 200 kwa kilo, kwa hiyo 10,000 kwa polo. Kilo nne zikiharibika za bei 2,800, umepoteza 11,200. Umenunua jumla, umetoka na hasara.

Kwa mchele, kiasi cha kununua ni kile mtakachomaliza ndani ya wiki sita mpaka nane. Unga wa ngano mwezi mmoja tu, masika pungufu ya hapo. Sukari ikae muda wowote, yeye haliwi na mdudu, hugandamana tu, basi ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Mchele usiuache ndani ya polo sakafuni. Sakafu ya saruji inavuta unyevu, weka juu ya ubao, au uhamishe kwenye ndoo kavu. Ndoo ioshwe na ikae juani siku nzima kwanza, maana mayai ya fukusi hujificha kwenye ukingo wa mfuniko. Unga wa paketi ukiutia kwenye friza siku nne kabla ya kuuweka kabatini, mayai yaliyokuja nao kutoka ghalani hufa. Utoe, uuache mpaka ufikie joto la nyumba bila ya kufungua paketi, usije ukashika maji.

#13 KikapuChaUkili

FukusiSitaki ana haki, lakini dawa ipo na ni ya kale: kununua kwa ushirika. Nyumba tano, polo moja, kilo kumi kumi. Matatizo yake ni mawili. Kwanza, polo la 50 likifunguliwa na kupimwa halitoi mafungu matano kamili ya kumi. Mchele umeshakauka kidogo na mwengine umemwagika kwenye mshono. Gaweni kwa 9.8, kilichobaki nacho mkigawane kwa kibaba, msianze na kumi mkamkosesha wa mwisho. Pili, kubalianeni aina kabla ya kwenda. Kwenye mapolo ya mchele wa nje kuna namba ya chenga (punje zilizovunjika), asilimia 5 au 25. Wa 25 ni rahisi na unafaa uji na vitumbua. Kwa pilau utakuwa ubwabwa. Anayetaka pilau na anayetaka uji wasishirikiane polo.

Na mchele uliokaa tangu mavuno huvuta maji mengi na hujaa chungu kuliko mpya. Kilo moja yake inalisha watu zaidi. Hiyo nayo ni bei.

#14 Kibaba_Kimoja

Ila tusiwacheke wanaonunua mafuta kwa kipimo. Dumu la lita 20 kwa 90,000 ni 4,500 kwa lita. Lita ile ile ikiuzwa vipimo kumi vya 600 inakuwa 6,000, theluthi nzima juu. Kila mama anayenunua kipimo anajua hivyo. Hana 90,000 mkononi leo. Hatua ya kati ipo: chupa ya lita moja au dumu la lita tano. Na ukitoka kipimo ukafika lita, hapo ndipo nafuu kubwa ilipo. Kutoka lita tano mpaka ishirini nafuu ni ndogo sana, haina haja ya kukopa kwa ajili yake.

#15 BintiMkunazini

Swali la mwisho kutoka kwangu. Supamaketi bei ya rafu inasema 4,000, kwenye kaunta wanakata 4,600. Nikiuliza naambiwa ni VAT. Sawa hiyo?

#16 Mshale_Sifuri

4,000 ukiongeza asilimia 15 ni 4,600 kamili, na VAT ya Zanzibar ni asilimia 15, kwa hiyo hesabu yao imetoka huko. Lakini bei ya rafu ndiyo bei uliyoahidiwa. Kama kodi haimo, maandishi yaseme hivyo pale pale kwenye rafu, si kaunta. Una haki ya kuiacha bidhaa, na fanya hivyo, maana wengi hulipa kwa kuona haya mbele ya foleni.

Ukitaka kujua VAT iliyomo ndani ya bei, usipige asilimia 15 ya jumla. Gawa jumla kwa 115, zidisha kwa 15. Kwenye 11,500 kodi ni 1,500, si 1,725. Ukiona risiti imeandika 1,725 kwa bei inayojumuisha kodi, mashine imepangwa vibaya.

Hatua za kulalamika: piga picha ya bei ya rafu kabla ya kwenda kaunta, chukua risiti ya kielektroniki, linganisha ukiwa bado hujatoka mlangoni. Muone msimamizi kwanza, wengi wanarudisha tofauti hapo hapo kwa sababu kosa ni la kibandiko kilichosahauliwa baada ya bei kubadilika. Wakikataa, picha na risiti zipeleke Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC. Chakula kilichopita muda au kilichoharibika ni kazi ya ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Bila risiti hakuna kesi, liwe duka kubwa au dogo.

#17 DukaLaKona

Na ofa za "nunua mbili" tazameni tarehe. EXP ni mwisho wa kutumia. BB ni mwisho wa ubora tu, biskuti ya BB iliyopita wiki haiui mtu. Ofa kubwa huwa imebakiza mwezi mmoja au miwili. Tambi na sabuni chukueni bila wasiwasi. Mtindi, siagi na maziwa ya watoto, hapana.

#18 WaKonde

Kabla hatujafunga: Shaabani inaingia, mpangilio wa manunuzi uweje? Nina maana kwa tarehe.

#19 KikapuChaUkili

Kaka WaKonde, kwa tarehe ni hivi. Sukari, tambi, tende na mafuta: wiki ya pili ya Shaabani. Kuna miaka serikali hutoa bei elekezi ya mchele, sukari na unga kuelekea Ramadhani. Ikitoka, ihifadhini kwenye simu mwende nayo dukani. Mchele: wiki ya tatu, kiasi cha wiki sita tu, kwa sababu ya mambo ya FukusiSitaki. Unga wa ngano: siku tano kabla, upite kwenye friza. Dagaa: giza la mwisho wa Shaabani ndilo linaloangukia mlango wa Ramadhani, kausheni au gandisheni hapo. Nazi: nunua za wiki moja moja, tikisa usikie maji, yale macho matatu yawe makavu. Majimbi na muhogo: msinunue mwezi mosi wala mwezi pili wa Ramadhani, kila nyumba iko sokoni. Kuanzia tarehe tano zinalegea.

#20 WaKonde

Ahsante sana. Na majimbi ya mwezi mosi tutawauzia sisi 😂